Kutunza Ni Nini?

Liko neno ambalo twalitumia kila siku bila kulipima, nalo ni kutunza. Mama humtunza mtoto, mchungaji huitunza mifugo, mtu wa busara hutunza akiba. Tena katika ngoma na taarabu, mtu akiinuka na kumpa fedha mwimbaji au mchezaji, twasema amemtunza, na kile alichotoa ni tuzo. Desturi hiyo si mbaya hata kidogo. Mcheza ngoma hodari aliyetunzwa mbele ya watu alirudi kwake na heshima kubwa kuliko ile aliyokwenda nayo.

Mkulima mmoja wa tumbaku, baba wa watoto wanne, alitupa habari nyingine ya kutunza. Alitueleza barazani, wala si katika kitubio, naye ameturuhusu kuisimulia mradi tusikitaje kijiji chake. Malipo ya msimu yalipotoka alikwenda mjini na wenzake watatu. Usiku wakaingia katika baa ambamo wasichana walikuwa wakicheza na kuvua nguo moja moja mbele ya wanywaji. "Mimi sikumgusa mtu, Padre. Nilikaa, nikanywa bia tatu, nikamtunza msichana mmoja, basi." Tukamwuliza ni kiasi gani. Akanyamaza kwanza, kisha akataja fedha ambazo zingetosha sare na madaftari ya watoto wake wawili. Mtu anayejua kazi ya tumbaku, tangu kitalu hadi kuchochea moto wa bani usiku kucha, ataelewa jinsi fedha hizo zinavyochumwa.

Mchezo wenyewe si mgeni nchini. Katika miaka ya 2010 vilivuma vikundi vya "kanga moja": wasichana walicheza wamevaa kanga moja tu, nayo ikaloweshwa maji mpaka ikashika mwili, na wanaume wakasogea na noti zao. Miji mikubwa ya ng'ambo ina nyumba maalumu za kazi hiyo, zenye jukwaa na taa za rangi. Kwetu yatosha baa, spika mbili na ndoo ya maji.

Tukumbuke mambo yalivyokwenda wakati ule. Magazeti yalichapa picha za wasichana, wakubwa wakakemea, na sisi wa mimbari, tukubali kosa letu, tukahubiri juu ya mavazi ya wanawake. Mteja je? Hakuonekana pichani, wala hakutajwa. Katika Injili ya Yohane, sura ya 8, mwanamke analetwa mbele ya Bwana wetu, na washitaki wake wasema amefumaniwa. Kila asomaye kwa makini hujiuliza: alifumaniwa na nani? Mwanamume hakuletwa. Basi leo twataka kumleta yeye, si kwa mawe, bali ili tumwulize ananunua nini.

Yeye husema hanunui kitu, hutazama tu. Lakini sisi tukaao katika njia hii ya misafara, itokayo Bagamoyo kupita Tabora hadi Ujiji, twapaswa kujua uzito wa kutazama. Hapa zamani nguo ilikuwa fedha. Merikani na kaniki zilifungwa mitumba, zikabebwa na wapagazi, zikalipa hongo kwa watemi na posho za njiani. Zilinunua pembe, zikanunua na watu. Mnunuzi wa mtumwa alianza kwa macho: meno, mabega, miguu, na mwanamke alitazamwa zaidi ya hapo. Aliyetazamwa hakuulizwa jina wala kwao.

Utumwa ulifutwa kisheria Zanzibar mwaka 1897, na Tanganyika mwaka 1922. Wanahistoria wa Zanzibar waeleza kwamba wanawake waliotoka utumwani waliziacha merikani na kaniki, zilizokuwa alama ya unyonge, wakajivika kanga za rangi na maua, ili kila mtu aone kwamba wao si mali ya mtu tena. Ndiyo nguo hiyo, kumbe, iliyochaguliwa kuloweshwa maji!

Hatusemi kwamba baa ni soko la watumwa. Msichana yule alikuja kwa miguu yake, na pengine atasema kazi yake haina shida. Twasema tu kwamba jicho la mteja lamfanyia yeye kazi ile ile: lapima mwili na kumwacha mwenye mwili. Tena mteja hawezi kujua aliyefika kwa hiari na aliyeletwa. Mwaka 2019 mahakama ya Mombasa ilimtia hatiani mwenye klabu moja kwa kuwasafirisha kiharamu wanawake 12 kutoka Nepal, waje wacheze mbele ya wateja wake. Mteja aliyeketi mle na kutunza angejuaje? Muziki ulikuwa ule ule.

Wengine hujitetea kwamba walivutwa na marafiki. Mtakatifu Agustino asimulia, katika kitabu cha sita cha Maungamo yake, habari za rafiki yake Alipio, Mwafrika mwenzetu wa Tagaste, katika nchi iitwayo leo Algeria. Alipio alikuwa Roma akisoma sheria. Wenzake wakamburuta mpaka uwanja ambamo watu waliuana kwa ajili ya kufurahisha watazamaji. Akawaambia kwamba wameuchukua mwili wake tu, akafumba macho. Umati ulipopiga kelele kubwa, akayafumbua, mara moja tu, apate kujua kuna nini. Baada ya hapo hakuwa tena mtu aliyeburutwa. Alirudi siku nyingine kwa hiari yake, akiwaburuta wengine. Mchezo ule ulikuwa wa damu, si wa uchi, lakini kuta zilijengwa kwa ajili ya macho vilevile, na viti vikiwa vitupu haukuwapo mchezo. Alipio aliponywa, akawa askofu wa mji wake. Twalitaja hilo kwa faida ya wale wanaodhani wamekwisha kuharibika.

Turudi kwa mkulima wetu. Alituuliza swali ambalo si la kijinga: "Nisipomtunza mimi, Padre, atakula nini?" Kweli msichana yule hula kwa fedha hizo, na kumfukuza mjini bila kumpa kazi nyingine ni kumhamishia mji wa pili. Lakini mwenye kutaka mtu ale hamngoji avue nguo ndipo afungue mfuko. Wakati wa kuchambua majani ya tumbaku mkulima huyu huajiri vibarua, wengi wao wanawake, nasi tulimkumbusha kwamba mwaka jana aliwapunja ujira. Alicheka kidogo, kisha hakucheka.

Tukamwuliza jina la msichana. Hakulijua. Ng'ombe wake wawili wa kulimia wana majina, na kijiji kizima kinayajua, kwa maana huwaita kwa sauti kubwa tangu alfajiri.

Mkewe aliambiwa kwamba tumbaku ilishushwa daraja. Bwana huyu ameahidi kumweleza ukweli kabla ya mvua za kwanza.