Jino Likitoka, Usilitupe

Mama, siku hizi wanganga wa meno wanaweza kupanda jino. Mwaka 1965, kule Uswidi, Dokta Brånemark alitia visi vya titani ndani ya taya ya mtu, mfupa ukavishika. Lakini kazi hiyo ni ya bei kali, tena mtoto hapandiwi, kwani taya yake ingali inakua.

Basi, mtoto akianguka kwenye mawe ya ziwa, jino lake la ukubwa likatoka, lishike upande wa kutafunia, si mzizi. Likiwa chafu, lioshe kidogo na maji safi, usilisugue. Lirudishe mahali pake, aume kitambaa. Ukishindwa, litie ndani ya maziwa. Kimbia hospitali, saa nzima isipite.

Jino la utoto usilirudishe.