Bweni lipi nichague Vancouver?

SWALI: Nimepata nafasi chuo kikuu cha British Columbia, Kanada. Natakiwa kuchagua kati ya mabweni ya Totem Park, Place Vanier na Orchard Commons. Sina ndugu huko. Nianze na lipi? – Msomaji, Tanga

JIBU: Hongera sana, mwanangu.

Usianze na picha za majengo, anza na tabia yako. Place Vanier na Totem Park zina vyumba vya watu wawili. Kama unaogopa upweke, chumba cha aina hiyo kitakufaa: Novemba, mvua inaponyesha mfululizo na giza kuingia mapema, utakuwa na mtu wa kuongea naye. Orchard Commons, iliyofunguliwa 2016, ina vyumba vingi vya mtu mmoja, ambapo majirani wawili hutumia bafu moja. Inamfaa anayehitaji utulivu ili asome au asali.

Ukiwa mwaka wa kwanza katika mabweni haya, mpango wa chakula ni wa lazima. Kwa hiyo jumlisha kodi na chakula ndipo ulinganishe bei. Uliza pia kuhusu chakula cha halali, na kama utaruhusiwa kubaki likizo ya Desemba, kwani nauli ya kurudi nyumbani si ndogo.

Tuma maombi kabla ya tarehe ya mwisho, na malipo yote yapitie mfumo rasmi wa chuo. Usimtumie pesa mtu anayekuahidi chumba mitandaoni.