Breki za Baiskeli ya Kuchukulia Maziwa

Siku hizi pikipiki zimezidi barabarani, lakini wako wakulima wengi ambao bado hupeleka maziwa kwa baiskeli, hasa ile nyeusi ya chuma yenye karia nzito. Ni chombo imara, wala hakidai petroli. Lakini mwenyewe huangalia tairi na cheni kila siku, na breki hazikumbuki mpaka zimkatae katikati ya mteremko.

Na tufanye hesabu kidogo. Lita 20 za maziwa zina uzito wa kilo 20 na zaidi. Ukifunga mikebe miwili ya kiasi hicho, nawe una kilo 60, na baiskeli yenyewe kilo 20, jumla ni kilo 120. Katika mteremko unaoshuka meta 1 kwa kila meta 10, mzigo huo huvutwa chini kwa nguvu kama ya uzito wa kilo 12, na huko Kisii na Murang'a iko miteremko mikali kuliko huo. Breki lazima zishinde nguvu hiyo kwanza, ndipo zianze kupunguza mwendo. Zikiwa dhaifu, utazikamata kwa mikono miwili na baiskeli itazidi kwenda. Tena mwendo ukizidi mara mbili, nafasi unayohitaji ili breki zikusimamishe huzidi mara nne.

Basi pindua baiskeli, magurudumu yawe juu, uyazungushe. Rimu ikiyumba, mpelekee fundi akaze spoki, maana rimu ya namna hiyo hairuhusu breki kuwekwa karibu. Kisha tazama raba za breki. Zikiwa ngumu na zinang'aa, zisugue kwa msasa, na utoe punje za mchanga zilizojikita ndani, kwani zinakula rimu. Zikiwa zimeisha karibu na chuma, nunua nyingine. Bei yake ni ndogo kuliko mkebe mmoja wa maziwa yaliyomwagika.

Hapa wengi hukosea wanapotia raba mpya. Katika baiskeli nyingi za aina hii, kile chuma kinachoshika raba kimezibwa upande mmoja, na upande wa pili uko wazi. Zungusha gurudumu kama linavyokwenda mbele, uone rimu inapita kuelekea wapi. Upande uliozibwa lazima uelekee huko huko. Ukiugeuza, siku utakapokamata kwa nguvu, rimu itaichomoa raba, nawe utabaki na chuma kitupu. Ukimaliza, legeza nati ya ufito wa breki, sogeza raba zikae milimita 2 au 3 kutoka kwenye rimu, ukaze tena.

Mafuta yasiguse rimu kamwe. Yanaruka kutoka kwenye cheni iliyotiwa mafuta mengi, na hata maziwa yakimwagika yanaacha mafuta yake. Osha kwa maji ya moto na sabuni, ukaushe. Usitumie mafuta ya taa, kwa sababu nayo huacha utelezi.

Wakati wa mvua, rimu ya chuma inayong'aa huteleza sana. Kamata breki kidogo kidogo mapema, kabla hujafika mteremkoni, raba zifute maji, ndipo ukamate kwa nguvu. Rimu za alumini hushika vizuri zaidi zikilowa, ukipata zinazofaa breki zako.

Watu wengine huogopa breki ya mbele na kutumia ya nyuma peke yake. Si vizuri. Baiskeli inaposimamishwa, uzito husukumwa mbele, kwa hiyo gurudumu la mbele ndilo lenye kushika ardhi zaidi, na la nyuma likikamatwa peke yake huteleza upesi. Tumia zote mbili, ya mbele ukiikaza polepole, na upunguze mwendo kabla ya kufika kwenye kona yenye changarawe. Mikebe nayo ining'inie chini kando ya karia, mmoja kila upande, isirundikwe juu.

Asubuhi kabla ya kupakia, simama kando ya baiskeli, kamata breki ya mbele, uisukume mbele. Gurudumu lisizunguke. Jaribu na ya nyuma vivyo hivyo. Likizunguka lolote, siku hiyo shuka mlima kwa miguu ukiikokota.