Makato ya mshahara: Yapi ya sheria, yapi ya saini yako?

Ndugu msomaji, usiishie kwenye mstari wa mwisho wa hati yako ya mshahara. Kwa mwajiriwa wa Tanzania Bara, kodi ya mapato na mchango wa hifadhi ya jamii hukatwa kwa sheria. Mwenye deni la Bodi ya Mikopo ya Elimu ya Juu hukatwa pia asilimia 15 ya mshahara wa msingi. Hapo huna hiari.

Lakini mkopo wa benki wenye riba uliochukua kwa ajili ya harusi uliutia saini mwenyewe. Darasani huwa nauliza: riba imeharamishwa katika Suratul Baqarah, aya ya 275, je, kukatwa kabla hujaishika fedha kunaihalalisha? Hasha! Kabla ya kusaini, tafuta mkopo usio na riba, na uandikishwe kama aya ya 282 inavyoagiza.

Wabillahi tawfiq.