Tawi si Nakala: Dhana za Komiti na Tawi katika Mfumo wa Git

Makala haya mafupi yanafafanua dhana mbili za kimsingi katika Git, mfumo wa kudhibiti matoleo uliobuniwa na Linus Torvalds mwaka wa 2005 kwa ajili ya waundaji wa Linux. Hoja yetu ni kwamba istilahi 'tawi' humpotosha anayeichukua kwa maana yake ya kawaida.

Tuanze na komiti. Hii ni taswira ya faili zote za mradi jinsi zilivyokuwa zilipohifadhiwa. Huambatana na jina la mwandishi, tarehe, maelezo ya mabadiliko, na utambulisho wa komiti iliyoitangulia, yaani mzazi wake. Kwa kawaida utambulisho huo ni mfuatano wa herufi na tarakimu 40 unaokokotolewa kutokana na yaliyomo. Yakibadilika hata kwa nukta moja, nao hubadilika. Kwa hiyo komiti haihaririwi, huundwa nyingine.

Tawi je? Wengi hudhani kuwa ni nakala ya pili ya mradi mzima. Sivyo. Tawi ni jina tu linaloelekeza kwenye komiti moja, na husogea mbele kila komiti mpya inapoongezwa juu yake. Tuchukue mfano wa wanafunzi wawili wanaoandaa faharasa ya istilahi za isimu. Mmoja anaunda tawi aliitalo 'fonolojia', mwenzake anabaki kwenye tawi kuu, na kila mmoja anaongeza komiti zake. Historia yao ni moja hadi pale njia zilipoachana. Wakiziunganisha, huzaliwa komiti yenye wazazi wawili. Iwapo wote wamebadilisha mstari uleule kwa namna tofauti, Git haiamui ni fasili ipi iliyo sahihi. Huwaachia wahariri wenyewe.

Tofauti hii ina athari. Mti ukikatwa tawi, matunda yake huanguka nalo. Katika Git, anayefuta tawi huondoa jina, na komiti hubaki. Hata hivyo, komiti isiyofikiwa kwa jina lolote huweza kufagiliwa baadaye, na kazi ikapotea.

Kwa mwanaistilahi, funzo ni bayana: kupata kisawe hakutoshi. Kisawe kisipoandamana na fasili, msomaji hujijazia maana kutoka shambani kwake.