Dondoo muhimu: Kuchagua ziara za matembezi Istanbul

Wageni wengi Istanbul hupoteza pesa kabla hawajaona chochote, kwa kulipia ziara siku ambayo mlango umefungwa.

1. Angalia siku kwanza: Kasri la Topkapi hufungwa Jumanne, Kasri la Dolmabahçe Jumatatu, na Soko Kuu lenye paa Jumapili.
2. Usilipe kiingilio Msikiti wa Buluu. Kuingia ni bure.
3. Usipange kutembelea misikiti Ijumaa asubuhi. Watalii husubiri hadi swala ya Ijumaa iishe. Kina mama, bebeni mtandio.
4. Uliza bei imejumuisha nini: tiketi, chakula, usafiri kutoka hotelini. Ziara ya siku nzima ya bei ya chini mno mara nyingi huishia kwenye maduka ya mazulia na ngozi, ambako kiongozi wa watalii hulipwa kamisheni. Uliza waziwazi: tutapitia maduka mangapi?
5. Kabla ya kukodi boti ya kuzunguka mlango-bahari wa Bosporus, panda feri ya umma kutoka gati ya Eminönü. Kwangu mimi, hayo ndiyo matembezi bora kuliko yote mjini.
6. Usimpe mtu wa barabarani pesa taslimu. Dai risiti na masharti ya kughairi kwa maandishi.
7. Siku ya kutua, usiweke ziara yoyote.