KIJANA ALIYERUDI NYUMBANI KABLA YA KAZI KWISHA



Mpendwa msomaji, karatasi hii imefika mkononi mwako. Labda uko stendi ya Mombo unasubiri gari la kupanda mlima, labda uko sokoni Lushoto na kabichi zako. Usiitupe. Isome mpaka mwisho, maana habari iliyomo ni yako.

Vijana wengi wa milima hii ya Usambara wanatoka. Wengine Tanga, wengine Dar es Salaam, wengine wanavuka mpaka kabisa. Na kati ya waliookoka wako wanaosema, "Bwana amenituma nikatumike na vijana wa nchi nyingine." Ni neno jema. Lakini nakuuliza: unajua kazi hiyo inafananaje siku ya JUMANNE? Mkutano umekwisha, vipaza sauti vimefungwa, na wewe huna hata maji ya kuoga. Mimi sikujua. Ndiyo maana nakuandikia.

FUNGUA BIBLIA YAKO

Soma Matendo 13:5 na 13:13. Hapo yuko kijana anaitwa Yohana Marko. Alisafiri na Paulo na Barnaba, akawa msaidizi wao. Alitoka nyumba njema, maana mama yake Mariamu alifungua nyumba yake Yerusalemu watu wakaombea humo (Matendo 12:12). Wakavuka bahari mpaka Kipro, kisha wakafika Perga. Hapo Marko akawaacha, akarudi Yerusalemu. Biblia haisemi kwa nini. Haisemi aliugua wala haisemi alifukuzwa. ALIRUDI TU.

Ndugu yangu, mimi ni Marko wa Lushoto.

SAFARI YANGU

Nilikuwa na miaka 24. Nilikuwa nimemaliza kozi ya Biblia, nina cheti, nina suti moja. Kanisa moja la kiroho Mombasa, upande wa Kisauni, lilitaka mtu wa kukaa na vijana wao. Nikaombewa, nikawekewa mikono, nikapanda gari. Tukashuka zile kona mpaka Soni, mpaka Mombo, tukaenda Tanga, tukavuka mpaka Horohoro. Jioni nikasimama kwenye feri ya Likoni na begi langu kichwani, nikasema moyoni: Mombasa, mtumishi amefika!

Asubuhi ya kwanza mama mwenye nyumba akaniita kutoka uani, "Ndoo! Ndoo!" Nikakimbia ndani, nikamletea ndoo. Watoto wakacheka mpaka wakakaa chini. Kumbe kwa Kimvita "ndoo" ni "njoo". Alikuwa ananiita nikanywe chai na mahamri! Mimi niliyekuja kufundisha, sikuweza hata kuitwa chai.

Badala ya kucheka nao nilikasirika. Hiyo ndiyo mbegu ya kwanza ya kiburi, na niliimwagilia maji.

SOMO LA KWANZA: ALIYETUMWA HUANZA KWA KUSIKIA

Kuna mtu aliwahi kuja kwetu Usambara kutoka nchi ya mbali. Aliitwa Johann Ludwig Krapf, Mjerumani, amezaliwa mwaka 1810. Alifika Mombasa mwaka 1844, hajafikisha hata miaka 35. Akaanza kujifunza Kiswahili kwa wenyeji, neno kwa neno, na mwaka huohuo akaanza kutafsiri kitabu cha Mwanzo. Mwaka 1850 kikatoka kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili. Kamusi yake ilichapishwa mwaka 1882, yeye akiwa amekwisha kufa mwaka mmoja nyuma.

Unaona? Miaka yote hiyo alikuwa MWANAFUNZI. Mimi nilikuja na Kiswahili changu cha Lushoto nikadhani nimemaliza. Kijana unayetaka kutumwa, je, unaweza kukaa chini watoto wakufundishe?

SOMO LA PILI: KAZI NI ILE UNAYOIONA KAMA USUMBUFU

Sasa nakiri jambo. Kulikuwa na kijana mmoja pale, jina lake nalificha. Alikuwa ameacha kuvuta unga, ana miezi mitatu ameokoka. Jumamosi moja usiku alibisha mlangoni kwangu. Nilikuwa naandaa mahubiri ya Jumapili. Unajua nilikuwa nahubiri nini? UPENDO. Nikamwambia bila kufungua mlango vizuri, "Ndugu, njoo kesho baada ya ibada."

Akasema, "Haya, mwalimu." Akaenda.

Kesho hakuja. Wiki ikapita. Nikasikia wenzake wa zamani wamempokea tena, anavuta. Wale hawakumwambia aje kesho.

Aibu ikanikamata. Sikumwambia mchungaji, sikumtafuta kijana. Nilijiambia mwili unaumwa na joto, maji ya mkokoteni ni ghali, vijana wa huku wagumu. Alfajiri moja nikafunga begi, nikarudi Lushoto. Shetani ni mwongo, lakini siku ile sikumhitaji anidanganye. Nilijidanganya mwenyewe.

SOMO LA TATU: NYUMBANI SI MAHALI PA KUJIFICHA

Nilifika usiku, baridi ya kwetu inauma. Mama akanipakulia makande. Hakuuliza zawadi. Akakaa karibu na moto akaniuliza swali moja: "Mwanangu, kazi imekwisha?"

Makande yakanishinda kumeza.

Nadhani hata Mariamu mama yake Marko aliuliza hivyohivyo. Nililia. Nikamweleza yote. Mama, ambaye hakumaliza hata darasa la nne, akasema, "Basi kapumzike siku mbili, halafu urudi ukamtafute mwana wa mwenzangu. Na yeye ana mama."

Mpendwa, mahubiri mafupi kuliko yote niliyowahi kusikia ni hayo.

Nikarudi. Niliungama kwa mchungaji na mbele ya vijana. Nikaanza kutembea jioni, si na kipaza sauti, bali na mkate mfukoni. Baada ya wiki tano nikamwona karibu na feri, amekonda. Nikaanza kumwomba msamaha kwa maneno mengi. Akanikatiza: "Mwalimu, siku ile sikutaka mahubiri. Nilikuwa na njaa."

NJAA TU! Na ndani kwangu kulikuwa na sufuria ya wali.

Tukala mkate pamoja tumekaa chini. Sikukuandikia kwamba aliacha unga siku ileile. Hapana. Alianguka mara mbili tena, na mara mbili nikamfuata. Leo ana mke, na mlango wa nyumba yao unafunguliwa usiku. Utukufu kwa Mungu!

SOMO LA NNE: HUENDA USIONE MAVUNO

Siku moja vijana walinipeleka ng'ambo ya kisiwa, upande wa bara, kwenye kaburi la Rosine, mke wa Krapf. Alifariki Julai 1844, miezi michache tu baada ya kufika, amejifungua mtoto wa kike. Mtoto naye akafa. Krapf mwenyewe alikuwa mgonjwa wa homa. Nilisimama pale nikaona haya. Mimi nilikimbia kwa sababu ya aibu yangu. Huyu alizika mke na mtoto, akabaki.

Akabaki, kisha akatembea. Mwaka 1848 alikuja kwa miguu mpaka Vuga, kwa mfalme wetu Kimweri ye Nyumbai, akapokewa vizuri. Mwaka 1852 akaja tena. Mfalme alikubali walimu waje. Lakini mwaka 1853 Krapf akarudi kwao kwa sababu ya afya, na Kimweri akafa mwaka 1862. Wamisionari wa kwanza kukaa Mlalo, Ernst Johanssen na Paul Wohlrab, walifika mwaka 1891. Piga hesabu: kutoka 1848 mpaka 1891 ni miaka 43! Krapf hakuyaona, alikuwa amefariki tangu 1881.

Yeye hakuwa malaika, alikuwa mtu mwenye makosa yake. Lakini hakupima kazi kwa wingi wa mikono iliyonyoshwa siku moja.

NA MARKO JE?

Soma Matendo 15:37-39. Paulo alikataa kumchukua tena, wakagombana na Barnaba mpaka wakaachana. Barnaba akamchukua Marko. Sasa soma 2 Timotheo 4:11. Paulo yuko kifungoni, na anamwita nani? Anamtaka MARKO, kwa sababu anamfaa kwa kazi. Haleluya! Aliyerudi njiani bado anafaa, akikubali kurudi tena.

Ndugu, dada, je, uliacha wapi? Kuna mlango uliufunga? Kuna mtu ulimwambia aje kesho? Labda hujavuka mpaka wowote, na mwenye njaa ni jirani yako hapa Soni, Mlalo au Bumbuli. Usingoje mkutano ujao. Simama leo.

Kama unataka, omba hivi kwa sauti:

"Bwana Yesu, mimi nilirudi njiani. Nilipenda jina la mtumishi kuliko kutumika. Nisamehe, nioshe kwa damu yako. Nipe masikio ya kusikia na miguu ya kurudi. Nionyeshe leo mtu mmoja wa kumfuata. Amina."

Kama umeomba sala hii kwa moyo, tafuta kanisa linaloamini wokovu lililo karibu nawe, mweleze mchungaji. Halafu, kabla jua halijazama, nenda kwa yule mtu. Usiende mikono mitupu. Chukua hata mkate.

Mungu akubariki. Ukimaliza kusoma, mpe na mwingine.